Nyimbo za Msimu Mmoja: Safari ya Kuwasikiliza Manju wa Usukuma

Katika vijiji vya Usukuma, nchi ya Wasukuma kusini mwa Ziwa Victoria, mavuno yakishaingia ghalani na pamba ikianza kupimwa kwenye mizani ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huja msimu wa ngoma, na msimu huo hauendeshwi kwa nyimbo za mwaka uliopita. Manju, ambaye ndiye mtunzi na mwimbaji kiongozi wa kundi, hutakiwa kusimama mbele ya watu wake na utungo ambao hawajapata kuusikia, unaotaja mambo yaliyowapata wao wenyewe tangu mvua zilipoanza. Akirudia wimbo waliokwisha kuuchoka, wasikilizaji humwacha na kuvuka uwanja kwenda kwa mshindani wake. Kanuni hiyo, ambayo sijaiona ikifuatwa kwa ukali namna hiyo mahali pengine, ndiyo iliyonitoa nyumbani Morogoro mwezi Julai.

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi, nikifuata daftari langu, picha za simu na tiketi chache zilizosalia mkobani. Nauli ninazotaja ni zile nilizolipa mimi. Majina ya wanakijiji na ya vijiji vyenyewe nimeyaacha, kwa kuwa watu walinipokea nyumbani kwao na si kwenye gazeti.

Alhamisi: Mwanza, Kisesa na Bujora

Basi lilitushusha Nyegezi alfajiri baada ya usiku mzima barabarani. Kuhusu njia ya Dodoma, Singida na Shinyanga sina la kusimulia, isipokuwa kwamba baridi ya Singida usiku wa Julai inahitaji koti zito.

Anayekwenda upande wa Magu na Musoma hapandi gari Nyegezi. Mimi ilinibidi nivuke jiji hadi Buzuruga. Nilifanya hivyo kwa daladala mbili, nikanywa chai ya maziwa kwa chapati mbili kwenye kibanda cha stendi, kisha nikapanda daladala ya Kisesa kwa shilingi 800. Kutoka Kisesa, kijana wa bodaboda alinipandisha Bujora kwa shilingi 2,000, akakataa nyongeza niliyompa kwa ajili ya begi, akisema begi halina miguu ya kutembea lenyewe.

Makumbusho ya Bujora yako juu ya kilima, katikati ya yale mawe makubwa yanayoonekana kila mahali Mwanza. Yalitokana na kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye katika miaka ya 1950 alianza kushirikiana na wazee wa Kisukuma kukusanya ngoma za watemi, yaani watawala wa jadi, viti vya enzi, zana za wahunzi na vifaa vya waganga. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na kanisa la hapo ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Nilikaa muda mrefu zaidi mahali panapohifadhiwa kumbukumbu za vyama vya ngoma, kwa sababu hapo ndipo mwongozaji aliponieleza chanzo cha mambo niliyokuja kuyaona.

Katika karne ya 19 waliishi wanangoma wawili mahiri, Ngika na Gumha, ambao pia walikuwa waganga, nao walishindana kwa uchezaji, kwa nyimbo na kwa dawa za kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Mpaka leo makundi mengi ya ngoma Usukuma hujihesabu kuwa ya upande mmoja au mwingine, na wapo watu wanaourithi upande wao kutoka kwa wazazi. Siku ya mashindano, makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna meza ya majaji; mtazamaji hupiga kura kwa kuhama.

Mwongozaji alisikitika kwamba nilikuwa nimechelewa kuiona Bulabo, sherehe inayofanyika Bujora kila mwezi Juni baada ya Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambapo makundi huja kutoka sehemu mbalimbali na hucheza kwa siku kadhaa. Anayesafiri na familia, au asiye na muda mwingi, namshauri aje wakati huo, kwa kuwa usafiri ni rahisi na atawaona Bagika na Bagalu, wacheza ngoma ya bugobogobo wenye majembe yao na wacheza na nyoka, wote mahali pamoja. Mimi nilitaka kusikia nyimbo zikiimbwa mbele ya watu waliotajwa ndani yake, na hilo lilinilazimu kwenda mbele zaidi. Nililala gesti ya Kisesa kwa shilingi 15,000, yenye chandarua kizima na maji ya ndoo.

Ijumaa: njia ya Magu

Magari madogo ya abiria, ambayo Kanda ya Ziwa yanaitwa michomoko, hayaondoki mpaka yajae, na kujaa maana yake ni watu wanne kiti cha nyuma na wawili mbele kando ya dereva. Nilingoja saa moja na nusu kabla ya kuondoka kwa nauli ya shilingi 3,500 hadi Magu. Tulipokwisha kupita Nyanguge, tairi la nyuma lilipasuka, na tairi la akiba likaonekana halina upepo, basi dereva akalipakia kwenye bodaboda na kwenda nalo kulijaza. Tulikaa chini ya mgunga kwa karibu saa mbili.

Mama mmoja aliyeketi jirani yangu alifungua kanga yake, akatoa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, akanigawia konzi nzima kabla hata ya kuniuliza jina. Kisha akaniuliza nilikuwa nakwenda kwa nani.

“Siendi kwa mtu, mama. Natafuta mahali penye ngoma.”

Alinitazama kwa muda, akasema hilo si jambo la msichana kutafuta akiwa peke yake. Kijijini kwao, ndani kidogo ya barabara kuu baada ya Magu, Bagika na Bagalu wangekutana kesho yake, na angenipeleka yeye. Tangu hapo aliniita “mwanangu”, na sikuruhusiwa kulipa bodaboda ya kuingia kijijini wala maji ya kunywa njiani.

Tulipofika, jambo la kwanza lilikuwa kunipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Yeyote atakayekwenda asiiruke hatua hiyo. Mwenyekiti aliandika jina langu na mahali nilikotoka, akauliza kama nina kamera kubwa, akatueleza kwamba picha haina tatizo, lakini kurekodi nyimbo kuna wenyewe, na wenyewe ni manju. Mtu asiyejua Kisukuma atahitaji pia salamu mbili tatu: “mwangaluka” asubuhi, “ng’wadila” baadaye mchana, na “wabeja” ya kushukuru. Wazee walizijibu salamu zangu mbovu kwa heshima ileile wanayopeana wao kwa wao, wakiwa wameinama kidogo na kupiga makofi taratibu.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa mahindi uliochanganywa na muhogo, dagaa wa ziwani na mlenda. Baada ya kula, mpwa wa mwenyeji wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayesaidia kilimo nyumbani, alinipeleka kwenye boma ambako kundi la Bagika lilikuwa likijifua kwa mara ya mwisho. Tuliruhusiwa kukaa kwa sharti la kutotoka na simu mpaka wimbo uishe, kwa sababu wimbo mpya ukivuja usiku, asubuhi mpinzani atakuwa amekwisha kuutungia jibu.

Manju huyo ni mkulima wa pamba na dengu, mwenye umri wa miaka kama arobaini. Alinieleza kwamba wimbo mkubwa wa mwaka aliuanza mwezi Januari akiwa nyuma ya plau ya ng’ombe, kwa kuwa mwendo wa ng’ombe unampa mapigo. Mstari ukikaa sawa, huurudia mpaka mwisho wa mtaro, na jioni binti yake wa darasa la sita huuandika kwenye daftari la shule. Mtu wa kwanza kuusikia ni mke wake, kwa sababu, alisema, mke wake hamstahi: palipolegea atamwambia. Baada ya hapo huwafundisha waitikiaji kipande kwa kipande, na kiitikio hukifanya kifupi ili hata mtoto aliyekuja uwanjani kwa bahati aweze kukidaka.

Niliusikia wimbo huo mara nne usiku ule. Unaanza kwa manju kujitambulisha, yeye ni mwana wa nani, wa kijiji gani, na nani alimfundisha ngoma. Halafu unawasalimu marehemu watunzi wa upande wake mmoja mmoja. Kisha unaingia kwenye habari: dawa za kunyunyizia pamba zilizofika wadudu wakiwa wamekwisha kula vitumba, mjane aliyeuza ndama ili alipe michango ya shule, daraja la miti ambalo kila mwaka huahidiwa kuwa la zege. Mwishoni unamgeukia manju wa Bagalu na kumuuliza, kwa adabu iliyojaa miiba, kama safari hii amekuja na wimbo au amekuja na dawa tu.

Jumamosi: uwanjani

Watu walianza kufika saa tatu asubuhi, wengi kwa baiskeli na mikokoteni ya ng’ombe, wengine kwa miguu kutoka vijiji vya jirani. Wanawake walipanga karanga, miwa, maandazi na vibuyu vya maziwa ya mgando kandokando ya uwanja. Nilinunua kikombe cha maziwa kwa shilingi 500 na kukaa upande wa kivuli pamoja na wazee. Makundi yaliingia karibu saa sita, Bagika kutoka kusini na Bagalu kutoka kaskazini, wachezaji wakiwa wamefunga njuga miguuni na kujifunga vitambaa vya rangi moja, na ngoma zao zikaanza kwa pamoja bila upande wowote kuungojea mwingine.

Kwa nusu saa ya kwanza nilisikia kelele tupu. Sikio la mgeni halina pa kushika, kwa kuwa midundo miwili inagongana juu ya uwanja mmoja, na vumbi limepanda hadi mabegani. Ndipo nilipoona kwamba wenyeji hawakai katikati. Husogea karibu kabisa na upande mmoja, karibu kiasi cha kuusikia mdomo wa manju, na wakishatosheka au kuchoka, huvuka.

Bagalu walikuwa na manju kijana, mwembamba, mwenye sauti ya juu sana inayopenya ngoma zote. Wimbo wake ulihusu pikipiki za mkopo: kijana aliyechukua pikipiki kwa marejesho ya kila wiki, akaiendesha kwa mwaka mzima, akanyang’anywa akiwa amebakiza malipo ya mwezi mmoja. Hakumtaja mtu, lakini kijana mwenyewe alikuwapo, na rafiki zake walimbeba juu. Watu walivuka kwa mamia. Upande wetu palibaki wazee, watoto na wanawake wenye biashara zao.

Manju wa Bagika hakuongeza kasi. Aliwaketisha waitikiaji wake chini, akaimba vipande vya wigashe, ngoma ambayo waimbaji huicheza wakiwa wameketi, kwa sauti ya kawaida. Mpwa wa mwenyeji wangu, aliyekuwa akinitafsiria, alinyamaza ghafla, na nilipomgusa bega aliniomba radhi, akasema anataka kusikia. Mzee aliyekuwa kulia kwangu, ambaye tangu asubuhi hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu, alijisogeza na kuendelea kunitafsiria kwa Kiswahili safi cha mtu aliyewahi kufanya kazi mbali na nyumbani. Alifanya hivyo kwa zaidi ya saa mbili, akinieleza maneno, na pia kila anayetajwa ni nani na nyumba yake ni ipi kati ya zile zinazoonekana kilimani.

Wimbo wa dawa za pamba ulipoanza, manju akiwa amesimama tena na ngoma zikiwa zimerudi, watu walianza kurudi wawili wawili, halafu kwa makundi. Alipofika kwenye ubeti wa mjane na ndama, mama mmoja aliingia uwanjani, akamtunza manju noti ya shilingi 1,000 kwa kuiweka kwenye paji la uso wake, na badala ya kutoka akasimama pale pale na kuitikia kiitikio mpaka mwisho. Mzee wangu alisema ndiye mwenye ndama. Manju alikuwa amemwomba ruhusa tangu mwezi Februari.

Jambo hilo nimelifikiria sana. Mijini tumezoea kuuhesabu wimbo kuwa umefanikiwa ukisikilizwa na watu wasiomjua mwimbaji. Hapa kipimo kimekaa upande wa pili: wimbo husikilizwa na mtu aliyemo ndani yake, anayeweza kusimama mbele ya watu wote na kukanusha. Manju hawezi kutunga ovyo. Akikosea jina la mto au bei ya kilo ya pamba, uwanja mzima utamcheka, na upande wa pili utapata ubeti wa bure.

Kuhusu dawa, ambazo kila aliyezungumza nami alizitaja, nitasema nilichokiona. Makundi yote mawili yalikuja na waganga wao, na kabla ya kuingia uwanjani kila upande ulifanya mambo yake faraghani. Wachezaji wanaziamini, na manju wa Bagika mwenyewe alivaa hirizi mkononi. Lakini nilikuwa nimemwona usiku akiurudisha mstari mmoja mara kumi na zaidi kwa sababu silabi moja ilikuwa imezidi, na sina shaka hata kidogo ni nini kilichowarudisha watu upande wake.

Jioni, wazee walikubaliana kwamba siku hiyo ilikuwa ya Bagalu kwa watu wengi zaidi, ingawa tofauti ilikuwa ndogo. Mashindano yangeendelea kesho yake.

Kwa atakayekwenda: badilisha fedha ziwe noti ndogo kabla ya kuondoka mjini, maana kumtunza mwimbaji ni sehemu ya kusikiliza, na kijijini hakuna wa kukuvunjia noti ya 10,000 uwanjani. Beba maji, kofia na kitambaa cha kuziba pua.

Jumapili

Asubuhi, mzee aliyekuwa akinitafsiria alinialika kwake kunywa uji. Anapiga ndono, upinde wa uzi mmoja uliofungiwa kibuyu, ambacho mpigaji hukisogeza kifuani na kukiondoa ili sauti ibadilike. Nyimbo zake ni fupi na za taratibu, nyingi za kulimia, kutoka enzi ambazo vikundi vya vijana viliitwa shambani kwa mtu na kulima tangu alfajiri huku manju akiimba mbele yao. Ngoma ya bugobogobo ilitokana na kilimo hicho. Alinipigia pia wimbo alioutunga mwaka huu kuhusu goti lake linalouma, akauimba kwa utaratibu uleule, akianza na jina la baba yake na la kijiji. Ana wasikilizaji watatu, alisema: mke wake na wajukuu wawili. Bado anaona ni lazima uwe mpya.

Mchana Bagika walishinda, na sitaieleza siku hiyo kwa urefu kwa kuwa nyimbo zilikuwa zilezile, isipokuwa ubeti mmoja ambao Bagalu waliutunga usiku kumjibu mpinzani wao kuhusu dawa.

Jumatatu: Lamadi hadi Bariadi

Mwenyeji wangu aliamka saa kumi usiku kunichemshia viazi vya njiani, akakataa fedha, na tukakubaliana kwamba ningenunua sukari na sabuni dukani na kuviacha kwa ajili ya watoto. Kutoka Magu niliteremkia Lamadi, kisha nikapanda basi dogo la Bariadi kwa shilingi 5,000. Lamadi ni mahali pa kula samaki. Nilipata sato wa kukaanga na wali kwa shilingi 6,000 karibu na stendi. Wanaokwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka hupita hapohapo.

Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, na ni mji wa pamba. Nilikwenda huko kwa sababu kila mtu kijijini alinieleza kwamba manju anayetaka kusikika nje ya uwanja hurekodi kwenye studio za miji ya namna hiyo. Studio niliyoikuta ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, kuta zikiwa zimebandikwa magodoro na trei za mayai, na ndani mna kompyuta, kinanda na kipaza sauti kimoja. Mtayarishaji, kijana aliyejifunza kazi kwa kaka yake, alinieleza kwamba manju huja na wimbo wake mzima kichwani, huimba mara moja bila mdundo, na yeye hutafuta mwendo wa ngoma kwenye kinanda unaoufuata. Akijaribu kumfanya mwimbaji aufuate mdundo wa mashine, maneno huharibika, kwa sababu mistari ya Kisukuma haina urefu mmoja.

Manju aliyekuwapo siku hiyo alikuwa ametoka upande wa Itilima na fedha za mbuzi wawili. Alilipa shilingi 150,000 kwa sauti, na picha za video angezilipia baada ya kuuza dengu. Nilimuuliza atarudishaje fedha hizo. Alisema hazirudi kwa wimbo. Zinarudi kwa mwaliko, mtu akimsikia kwenye simu akamwita kuimba harusini.

Simu hizo nilizifuata kesho yake asubuhi. Kando ya stendi vipo vibanda vya kurushia nyimbo, ambako mteja hutoa memori kadi yake na kujaziwa nyimbo kwa mia chache. Kijana wa kibanda alikuwa na maelfu ya nyimbo za Kisukuma kwenye kompyuta yake, nyingi zikiwa zimeandikwa “wimbo mpya” na namba tu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoianzisha COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki nchini, na mtunzi wa kijijini ana haki zilezile za mtunzi wa Dar es Salaam, lakini haki ya mtu ambaye hata jina lake limefutwa kwenye faili itadaiwa na nani? Hili liliniumiza kuliko jambo lolote la safari nzima. Watu hawa huanza kila wimbo kwa kutaja jina la baba na la kijiji, na kitu cha kwanza kupotea wimbo unapouzwa ni jina hilo.

Jumanne: mnadani, njia ya Maswa

Kutoka Bariadi nilielekea Maswa kwa shilingi 4,000, nikashuka njiani kwenye mnada wa ng’ombe nilioambiwa kwamba una bendi. Bendi hiyo ilikuwa na watu saba: mwimbaji, mpiga kinanda, waitikiaji wawili na wachezaji watatu waliovaa mashati ya kijani ya kitambaa kimoja. Spika mbili zilikuwa zimefungwa juu ya mkokoteni, na jenereta ilinguruma nyuma ya banda la nyama choma.

Mwanzoni nilidhani ningeikosa hapa ile nidhamu ya uwanjani. Mwimbaji alitaja matajiri wa ng’ombe mmoja mmoja, na kila aliyetajwa alikuja kutunza noti. Lakini wenye ng’ombe walipokwisha kutunza, aliimba wimbo wake mwingine, kuhusu wafugaji waliohama na mifugo yao kwenda kusini kutafuta malisho na kuacha wazazi peke yao, na mnada ukapunguza makelele. Mchinjaji aliacha kukata. Mwanamume mmoja mwenye fimbo begani, ambaye nilikuwa nimemwona akibishana bei kwa ukali, alisimama mbele ya spika akiwa amevua kofia. Wimbo ulipoisha aliomba urudiwe, akalipia kurudiwa.

Mwimbaji, tulipozungumza baadaye, alisema baba yake alikuwa Mgalu, na yeye mwenyewe alijifunza kutunga uwanjani kabla ya kupata kinanda. Sheria ni ileile, alisema, ila mnadani watu hawana upande wa pili wa kwenda. Humwacha kwa kurudi kwenye ng’ombe wao.

Kilo moja ya nyama choma na ndizi iliyotosha watu wawili ilikuwa shilingi 14,000, nami nilikula pamoja na mpiga kinanda. Wanawake wanaosafiri peke yao waondoke mnadani kabla ya saa kumi na moja, kwa kuwa baada ya hapo pombe huwa nyingi na magari ni machache. Mimi niliondoka kwenye kiti cha mbele cha lori la dengu, kwa kuombewa na mama muuza chai aliyemjua dereva tangu utoto, na dereva hakunitoza.

Jumatano: Maswa, Shinyanga na njia ya nyumbani

Nililala Maswa kwenye gesti ya shilingi 20,000. Barabara ya kutoka hapo hadi Mwigumbi ni lami yote, na Shinyanga nilifika mapema kiasi cha kupata basi la usiku.

Rekodi nilizoruhusiwa kufanya nimezirudisha kwa wenyewe. Kabla ya kuondoka kijijini nilimuuliza manju wa Bagika angependa nini, naye aliomba nakala iliyoandikwa jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji, na mwaka, ili akifa binti yake awe nayo pamoja na lile daftari. Nilimtumia mpwa wa mwenyeji wangu kwa WhatsApp, faili moja kwa kila wimbo, na kila faili ikiwa na maneno hayo manne. Wiki iliyofuata alinijibu kwamba vijana wa kibanda cha kurushia nyimbo huko Magu wamekwisha kuziomba, na kwamba manju amekubali kwa sharti kwamba majina yasiondolewe. Ameongeza kwamba wimbo wa dawa za pamba hautaimbwa tena uwanjani mwaka ujao. Mwingine umekwisha kuanza, nao unahusu mvua.